Funga tairi, acha bodi

Kazi ya kubeba magari niliianzia kwenye utingo. Magari yanashuka melini bandarini Dar es Salaam, mengi yakiwa yametumika Japani, na sehemu kubwa hayabaki nchini. Yanakwenda Zambia, Kongo na Malawi. Yapo yanayoendeshwa kwa magurudumu yake yenyewe hadi mpakani, haya tunayoyaita IT, na yapo yanayopandishwa kwenye tela. Mimi nilikuwa upande wa tela. Barabara yetu ni TANZAM: Chalinze, Morogoro, Mikumi, Ruaha Mbuyuni, Kitonga, Ilula, Iringa, Mafinga, Makambako, Mbeya, mpaka Tunduma. Ni kama kilomita 930. Kwenye kazi hii utingo ndiye anayefunga mzigo na dereva ndiye anayekagua, kwa hiyo kufunga nilikujua kabla ya kujua kuendesha. Leo nashika usukani mimi mwenyewe, lakini sipandi kwenye kichwa kabla sijalizunguka tela lote kwa miguu.

Watu wengi, hata wenye malori, hudhani kufunga gari ni kama kufunga saruji au mabati. Mfuko wa saruji ukishaulaza umelala. Gari lina springi, lina shokapu, lina tairi zilizojaa upepo, na vyote hivyo vilitengenezwa ili bodi ipande na kushuka. Ukilipandisha juu ya tela haviachi kazi yake. Tela likipita kwenye shimo, gari la juu nalo linapita kwenye shimo. Kila ninachokieleza hapa kinatokana na jambo hilo moja.

Somo lenyewe nilipewa na dereva wangu wa kwanza, mtu mzima ambaye yadi nzima tulimwita Mzee. Alinifungisha Hilux mbili zilizosimama sambamba. Ya kwanza akaagiza nipitishe kulabu kwenye chasisi na nikaze mpaka mpini wa racheti, kile kifaa cha kukazia mkanda, ugome. Ya pili akaagiza mkanda upite juu ya tairi. Kisha akaniambia, "Dogo, panda kwenye bampa la nyuma, ruka." Nikaruka. Kwenye Hilux ya kwanza, kila nyuma ya gari ilipozama, mkanda ulilegea ukaning'inia, na gari lilipoinuka ukakakamaa tena kwa kishindo. Kwenye ya pili, bodi ilipanda na kushuka juu ya springi zake kama kawaida, na mkanda wa tairi haukutikisika. Mzee akauliza, "Umeona? Haya, matuta mangapi mpaka Tunduma?" Hakungoja jibu, akaenda kunywa chai.

Kufunga bodi, au chasisi inayoibeba juu ya springi, ni sawa na kufunga kamba juu ya godoro: likikandamizwa tu, kamba haina kazi. Wengine hudhani dawa yake ni kukaza zaidi, washushe bodi mpaka springi zilale. Hapo mkanda unabeba nguvu ya springi kutwa nzima kabla hata safari haijaanza kuudai kitu, na bado tuta kubwa likija springi zitazama zaidi na mkanda utalegea. Tena kile kishindo cha kulegea na kukakamaa ndicho kinachoua mikanda, kinachopinda kulabu na kinachong'oa pete za tela. Mkanda unaovutwa pole pole huvumilia mengi. Unaovutwa kwa kushtukiza, mamia ya mara kwa siku, haufiki mbali.

Kwa hiyo tunafunga tairi. Mkanda wa gari dogo unatoka kwenye pete upande mmoja wa tairi, unapanda, unapita juu ya tairi na kushuka upande wa pili hadi kwenye racheti. Katikati una vipande vya mpira vyenye meno vinavyoshika uso wa tairi ili mkanda usiteleze pembeni. Tairi linakandamizwa kwenye sakafu ya tela, na bodi inaachwa huru ifanye mambo yake juu ya springi. Kwa Fuso na Canter, ambazo tairi zake za nyuma ni mbili mbili, tunafunga ekseli kwa mnyororo, kwa sababu ekseli nayo iko chini ya springi. Mbele na nyuma ya tairi inawekwa kabari. Kabari ya mbao ngumu inatosha, mradi imepigiliwa au imefungwa isihame. Kabari iliyowekwa bure itakuwa imerukia barabarani kabla ya Kibaha.

Kabla ya kufunga, pima upepo. Hili wengi hawalijui. Gari lililokaa muda mrefu bandarini na kwenye yadi mara nyingi lina tairi linalovuja kidogo kidogo, na kwa macho huwezi kuligundua. Ulifunge Dar likiwa zima, ufike Iringa limeshuka, na mkanda uliokuwa umelibana umebaki na nafasi ya kuingiza ngumi. Siku hizi tunajaza tairi zote za mzigo kabla ya kupandisha, na lile tunalolitilia shaka tunaliwekea alama ya chaki ili litazamwe kila kituo.

Sehemu za kufungia zinazotamanisha ndizo za kuepuka. Ukichungulia chini ya gari utaona mikono ya steringi, vyuma vya mbele vinavyobeba tairi, bomba la ekzosi, na vyote vinaonekana imara. Mkono wa steringi ukivutwa kwa nguvu ya racheti unapinda, na mwenye gari atakuja kugundua Lusaka anapoona gari linavuta upande mmoja. Nyuma ya tairi zipo nyaya za breki za ABS na mipira ya mafuta ya breki. Mkanda ukizikandamiza utakuwa umemfikishia mtu gari lisilo na breki nzuri, na hilo ni jambo baya kuliko kumchubulia rangi. Magari mengi ya Japani yana matundu au pete chini ya chasisi zilizowekwa kwa ajili ya kufungia melini. Ni imara, lakini ziko kwenye bodi. Ukilazimika kuzitumia, zitumie kusaidia mikanda ya tairi. Zikibaki peke yake, umerudi kwenye Hilux ya kwanza ya Mzee.

Halafu kuna habari ya gia na hendibreki. Nimesikia madereva wakisema gari likiwa kwenye P na hendibreki imevutwa haliendi popote. Ndani ya gia boksi ya otomatiki, P ni kijino kidogo cha chuma kinachoingia kwenye meno ya gia. Kimewekwa kwa ajili ya gari lililoegeshwa kwenye kilima, hakikuwekwa kwa ajili ya kupigwapigwa kilomita 900. Sisi tunafunga gari likiwa huru, likae lenyewe kwenye mikanda na kabari, na ndipo tunaweka gia na kuvuta hendibreki. Kwa mpangilio huo mikanda ndiyo inayobeba, na hendibreki ni msaada. Ukianza na gia, gari linaegemea kile kijino, na siku kikiteleza, gari lote linadondokea mikanda kwa mkupuo.

Nilipoanza kuendesha nilitaka kujua mkanda unatakiwa ubebe kiasi gani, kwa sababu "kaza vizuri" halikuwa jibu. Kanuni za usafirishaji za Marekani, na zile za Ulaya hazitofautiani nazo sana, zinataka ufungaji uhimili nguvu ya 0.8 ya uzito wa mzigo kuelekea mbele, na nusu ya uzito wake kuelekea nyuma na pembeni. Mbele ni kubwa kwa sababu hakuna kitu kinachousukuma mzigo kama breki ya ghafla. Chukua Land Cruiser V8 ya tani 2.6: ukikanyaga breki kwa nguvu, inataka kwenda mbele kwa nguvu ya zaidi ya tani 2. IST ya tani 1 inataka kilo 800. Ndiyo maana sikubali kuona gari kubwa na gari dogo vimefungwa kwa idadi ileile ya mikanda ileile, eti kwa sababu vyote vina tairi nne. Kwa kanuni hizohizo za Marekani, gari lisilozidi kama tani 4.5 linatakiwa liwe na angalau mikanda miwili, likiwa limezuiliwa mbele na nyuma. Likizidi hapo, angalau minne. Mimi hufunga tairi zote nne hata za IST. Ikitokea mkanda mmoja umekatika usiku, inabaki mitatu.

Na mkanda wenyewe unasema uwezo wake. Kwenye lebo, ambayo kwa mkanda wa polyester huwa ya buluu, kumeandikwa LC, yaani uwezo wa kufungia, na namba. LC 2500 daN ni takriban kilo 2,500 za kuvuta ukiwa umenyooka. Lebo ikishachanika au ikifutika, mkanda huo sijui uwezo wake, na sibebi gari la mtu kwa kitu nisichojua uwezo wake. Lakini hata namba ya lebo si yote, kwa sababu kuna pembe. Mkanda unaovuta kwa mteremko wa nyuzi 45 kutoka kwenye sakafu unazuia gari lisiende mbele kwa kama asilimia 70 tu ya nguvu yake. Inayobaki inakandamiza chini. Ukisimama zaidi, ukafika nyuzi 60, inabaki nusu. Kulabu ikiwa karibu mno na tairi, mkanda unasimama wima, na unaweza kukaza mpaka mikono iume bila kupata kizuizi cha maana cha mbele wala nyuma.

Barabara yetu inafundisha hizo pande zote. Kutoka Dar ukiwa na mzigo, Kitonga unaupanda. Kichwa kinakwenda kwa gia ndogo, kona zimebana, tela linalala upande huu na ule, na kila gari lililo juu linavuta kurudi nyuma. Lori la mbele likiharibika mnasimama kwenye mlima, na mkianza upya kuna mshtuko wa klachi unaoyavuta magari yote nyuma kwa pamoja. Kabla ya hapo umepita Mikumi, barabara inakatiza hifadhi kwa kama kilomita 50 na kuna matuta ya kulinda wanyama. Hapo ndipo mikanda iliyofungwa kwenye bodi inapolegea. Ukimaliza jiji la Mbeya unakuja mteremko wa Iwambi kushuka Mbalizi, na hapo mzigo wote unataka kwenda mbele. Yaani ndani ya safari moja, kila mkanda unapata zamu yake.

Kwenye mteremko huo wa Iwambi niliona jambo ambalo huwa ninawasimulia vijana wote ninaofanya nao kazi. Tulikuwa nyuma ya tela la kampuni nyingine, usiku unaanza kuingia. Tukaona cheche chini ya tela lao, kwanza moja moja, halafu mfululizo kila walipogusa breki. Mzee akawamulikia taa na kupiga honi mpaka wakasimama pembeni. Noah iliyokuwa sakafu ya juu, karibu na nyuma, ilikuwa imefungwa kwa kulabu za wazi kwenye chasisi, mbele na nyuma. Kila breki ilipokanyagwa gari lilikuwa linainamisha pua, mkanda wa mbele unalegea, na katika kulegea huko kulabu ya mbele ikachomoka kwenye tundu lake. Ilikuwa inaburuzwa kwenye lami, ncha yake imesagika na kung'aa kama imetoka kunolewa, na bado ilikuwa ya moto. Mkanda wa nyuma ulikuwa bado unaizuia Noah isiende mbele. Lakini mteremko ungekwisha, mlima wowote baada ya Mbalizi ungeikuta haina chochote kinachoizuia kurudi nyuma isipokuwa hendibreki, na nyuma yake kulikuwa na hewa na barabara yenye mabasi.

Hakuna aliyeumia. Utingo wao alikuwa kijana mdogo, na ninaamini alikuwa amekaza kwa nguvu zake zote, kwa sababu mkanda wa nyuma ulikuwa mgumu kama chuma. Nguvu haikumpungukia, hakuwa ameonyeshwa tu. Tulikaa pale tukaifunga upya kwa mikanda yetu ya akiba, tairi kwa tairi. Tangu siku hiyo kulabu isiyo na ulimi wa kufungia situmii mahali ambapo mkanda unaweza kulegea hata kidogo.

Ukaguzi wa kwanza ndio muhimu kuliko yote, na ndio unaorukwa zaidi, kwa sababu umetoka kufunga na una haraka ya kutoka mjini. Saa za mwanzo ndizo ambazo mzigo unakaa: tairi zinajipanga kwenye sakafu, mikanda ya polyester inanyooka kidogo, kabari zinajisogeza. Kanuni za Marekani zinasema kagua ndani ya kilomita 80 za kwanza, halafu kila baada ya saa 3 au kilomita 240, kinachotangulia. Kwetu hilo linaangukia vizuri, kwa sababu kabla ya Chalinze kuna mizani ya Vigwaza na lazima usimame. Utingo anashuka na dereva anashuka, mmoja kila upande. Unapiga mkanda kwa kiganja. Ulio sawa unakurudishia mkono na kutoa sauti kavu. Uliolegea unapokea kofi na kunyamaza. Unaangalia mpini wa racheti kama umefungwa mpaka mwisho, unaangalia mkia wa mkanda kama umeviringishwa na kufungwa, maana mkia unaopepea unachanika wenyewe na unaweza kuvutwa na magurudumu ya tela.

Na unapitisha vidole chini ya mkanda pale unapogusa ukingo wa chuma. Hapo nawaomba vijana wasivae glovu, kwa sababu vidole vinaona kitu ambacho macho hayaoni. Wakati mmoja nilipitisha vidole na kukuta nyuzi zimesimama kama manyoya upande wa chini. Juu mkanda ulikuwa mpya, rangi ya chungwa bado inawaka. Chini, ukingo wa sakafu ya tela, ambao ulikuwa na kigongo cha welding kisichosagwa, ulikuwa umeshakata karibu theluthi ya upana wake. Kutoka Dar mpaka Vigwaza tu. Tulibadilisha mkanda, tukaweka kipande cha mpira wa tairi kuukuu juu ya ukingo, na tuliporudi yadini ule ukingo ulisagwa kwa grinda mpaka ukawa laini. Vipande vya mpira wa tairi havina gharama. Gereji yoyote ya pancha itakupa. Sijui kwa nini kila tela halina ndoo yake.

Jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha ni mizani yenyewe. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inaweka kikomo cha tani 56 kwa jumla, na kila ekseli nayo ina kikomo chake. Wabeba magari hatufiki kwenye jumla hiyo, kwa sababu magari yanamaliza nafasi kabla ya kumaliza uzito. Tatizo huwa ni mpangilio. Ukiweka Land Cruiser mbili nyuma na IST mbili mbele, kundi moja la ekseli linabeba kupita wenzake, na uendeshaji nao unaharibika. Ukibeba mchanganyiko wa magari na mashine ndogo ndipo unaweza kuambiwa upange upya palepale. Na kupanga upya maana yake ni kufungua, kuhamisha na kufunga tena, pengine usiku, watu wamechoka, foleni iko nyuma. Ufungaji mbovu kuliko wote niliouona barabarani ulifanyika kwenye maegesho ya mizani. Kwa hiyo panga uzito ukiwa yadini, kwa mwanga wa mchana, na kama itakulazimu kuhamisha gari njiani, ihesabu kazi hiyo kama ya mwanzo kabisa: upepo, kabari, mkanda, na ukaguzi mwingine ndani ya kilomita 80 kuanzia hapo.

Baadaye nilifanya kazi ya lobedi, lile tela la sakafu ya chini, kubeba ekskaveta, burudoza na magreda ya barabara na migodi, na nikakuta kanuni ni ileile ila adhabu ni kubwa zaidi. Mashine ya minyororo kwenye sakafu ya chuma ni chuma juu ya chuma, na ikiwa na matope au mafuta inateleza kama iko kwenye sabuni. Mbao ngumu chini ya minyororo zinasaidia sana, na zulia maalumu la mpira linasaidia zaidi. Osha mashine kabla ya kuipandisha. Tope lililokauka Morogoro litapondeka na kuwa vumbi kabla ya Iringa, na mnyororo uliokuwa umekazwa juu yake utabaki unacheza. Hapo mnyororo ni tofauti na mkanda: mkanda unanyooka kidogo na kufuata mzigo ukikaa, mnyororo haunyooki, kwa hiyo mzigo ukikaa sentimita moja tu mnyororo wote umelegea.

Greda na shoveli zinazokunjika kiunoni zina pini ya kuzuia kiuno kisikunjike. Iingize. Bila pini, kwenye kona za Kitonga mashine inaweza kujaribu kukata kona yenyewe juu ya tela, na hakuna minyororo itakayokaa sawa. Ekskaveta ilazwe mkono wake, ndoo iguse sakafu, kitasa cha kuzuia kuzunguka kifungwe, na ndoo nayo ifungwe kwa mnyororo wake. Usiutegemee mfumo wa mafuta kushikilia mkono. Mpira mmoja ukipasuka mkono unashuka au unahama. Minyororo minne kwenye pembe nne, inayovuta pande tofauti, ndiyo ya chini kabisa. Na mnyororo uliokatika usiungwe kwa welding. Chuma hicho kimepikwa kwa joto maalumu ili kiwe na nguvu yake, na welding inaiondoa. Pembeni ya pale palipochomelewa chuma kinakuwa kimepoteza ugumu, na kitakatika hapohapo siku nyingine.

Niwasemeshe kidogo wenye tela ndogo za kuvutwa na pikapu, hasa watu wa mashamba na wa magari ya watalii Arusha na Moshi, maana tela hizo zinaongezeka. Huko kufunga peke yake hakutoshi. Pa kuliweka gari ndipo panapoamua. Kiasi cha asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela na mzigo wake kinatakiwa kikandamize kulabu ya pikapu. Gari likikaa nyuma mno, kulabu inakuwa nyepesi, na kwenye mwendo wa kilomita 80 tela linaanza kuyumba mkia. Ukikanyaga breki linayumba zaidi. Ukihisi hivyo, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani umenyooka, usipigane nalo. Ukisimama, sogeza gari mbele na ufunge upya.

Kushusha nako kuna hatari zake, na watu wanaumia wakati safari imeshakwisha. Tukifika yadini Tunduma, au ng'ambo Nakonde, kabla hatujagusa racheti yoyote tunahakikisha tela limesimama kwenye tambarare, kabari za mbele na nyuma bado zipo, na hakuna mtu kati ya magari mawili. Kisha anaingia mtu mmoja kwenye gari, anakanyaga breki, ndipo mikanda inafunguliwa. Mkanda uliovutwa na gari lililohama njiani unaachia ghafla, na mpini wa racheti unaweza kukurudi mkononi au usoni. Simama pembeni yake, usisimame mbele yake. Vikaza mnyororo vya mkono mrefu ni vibaya zaidi. Nimeona jino la mtu likitoka.

Mikanda ikishafunguliwa haitupwi chini ya tela ikasubiri safari ijayo. Tunaipangusa mchanga, maana mchanga uliojificha kwenye nyuzi unazila kila unapokaza, tunaipitisha mkononi yote kuanzia kulabu mpaka mkia, na tunaiviringisha ndani ya sanduku isipigwe na jua. Ule tutakaoukuta umekatika nyuzi pembeni, au kulabu yake imeanza kufunguka mdomo, au lebo imetoka, tunaukata vipande viwili kwa kisu palepale kabla hata ya kwenda kuoga, asije kijana mwingine akauokota yadini na kufungia gari.